Siku mbili ndani ya nyumba ya mwaloni, Lavenham

Juu ya mlango wa jikoni kuna kibao kinachokuonya uiname. Mimi nilikisoma nikiwa nimeshagonga kichwa.

Kijumba tulikikodi mimi na mke wangu huko Lavenham, Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ukitoka London unapanda treni Liverpool Street, unabadilisha Marks Tey hadi Sudbury, kisha basi. Kijiji kilitajirika zamani kwa nguo za sufu, hasa zile za bluu. Biashara ilipodorora, watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, na ndiyo maana nyumba za karne ya 15 na 16 zimejaa mitaani hadi leo.

Kilichoniteka ni ukuta wa ngazini. Sehemu moja imeachwa wazi, ikawekewa kioo uone ndani. Nikacheka peke yangu: fito! Fito zimesukwa, zikakandikwa udongo wenye mabua na mavi ya ng'ombe, sawasawa na nyumba ya bibi yangu Muheza. Tofauti iko kwenye kiunzi. Nguzo za bibi zilichimbiwa ardhini, mchwa wakajilia. Hizi za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, zimesimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Kila kiungo ni ulimi ulioingia kwenye tundu lake, ukafungwa kwa kigingi cha mti. Msumari hamna. Fundi alikuwa akikata na kuunga kila kitu kiwanjani kwake kwanza, akichonga alama za namba za Kirumi, ndipo akifungue na kuja kukisimamisha. Usiku tulizisaka kwa tochi, tukaipata IIII ubavuni mwa boriti ya chumbani. Mke wangu alifurahi kuliko mimi.

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, maana ukikauka patasi inalia. Matokeo yake ulikaukia ukutani, ukapinda. Chungwa lilituponyoka mezani likabingirika lenyewe mpaka chini ya dirisha.

Sasa kero. Upepo unapenya pembeni mwa madirisha, nasi tulikwenda Novemba. Ngazi zimesimama wima. Mwenye magoti mabovu alale sebuleni. Halafu ukuta wa nyuma unanuka unyevu. Kuna aliyeupiga plasta ya saruji miaka ya nyuma, na saruji haipumui: maji yakishaingia hayatoki, mti unaoza taratibu. Hapo palitaka chokaa, jambo ambalo fundi yeyote wa Mji Mkongwe angewaambia bure. Mwenye nyumba alikiri, akasema ataibandua.

Hata msipolala, ingieni Guildhall pale sokoni, jumba la kale la chama cha kidini, la mnamo 1529, sasa liko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kale. Mbao za jumba hilo zimegeuka rangi ya fedha kwa kuachwa bila rangi.

Kijumba nakipa nyota nne. Wenye watoto wadogo, ulizeni kwanza kama kuna kizuizi cha ngazi, sisi hatukukiona.