Spika ya kuitia kunguru: uzoefu wangu wa miezi mitatu Kigamboni

Mwezi wa tano kunguru walininyakulia vifaranga 14 ndani ya wiki mbili. Nafuga kuku wa kienyeji, na hawa ni wale kunguru wa India wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakaishia kuenea pwani nzima. Bunduki sina, na mtaani hakuna pa kufyatulia risasi. Nilikuwa na mtego tu, kizimba cha waya cha kuingilia juu, unanasa mmoja kwa wiki, wiki nyingine hamna kitu. Ndipo nikaagiza hii spika, shilingi 185,000 mpaka mlangoni.

Kifaa chenyewe kizuri. Betri inakaa asubuhi nzima, na rimoti inashika kutoka barazani hadi kwenye mwembe wa jirani. Tatizo ni sauti zilizomo. Zimewekwa kwa ajili ya wawindaji wa Marekani, na kunguru wa kule ni ndege mwingine, ana sauti nzito. Wetu analia kwa sauti nyembamba, kavu. Muuzaji hakuniambia hilo. Siku ya kwanza walikuja kama sita, wakatua kwenye mnazi, kimya. Mmoja akashuka mpaka kwenye bati, akainamisha kichwa, akaitazama spika kwa jicho moja muda mrefu, kisha akaruka zake. Siku ya tatu hakuja hata mmoja.

Bahati nzuri inapokea memori kadi. Kunguru mmoja aliponasa nilimrekodi kwa simu akilia kwa hofu. Kesho yake saa 12 na nusu asubuhi nikaicheza sekunde 30. Jamani! Walitokea kila upande, zaidi ya 30, wakizunguka juu ya kizimba kwa makelele, mpaka kuku wakakimbilia bandani.

Ila kilio kile kinawaleta tu, hakiwaingizi mtegoni. Anayewaingiza ni kunguru hai uliyemwacha mle ndani, mwenye maji, kivuli na utumbo wa samaki. Zima spika, ondoka, kaa mbali. Wakishatulia na kumwona mwenzao anakula, wanaanza kushuka mmoja mmoja. Wiki ile nilipata 11.

Usicheze kila siku. Nilifanya hivyo wiki moja, wakazoea, wakawa wanakaa kwenye waya wa umeme wanatazama tu. Sasa nacheza mara mbili kwa wiki, na spika naihamisha, naificha chini ya makuti. Na tafadhali, kagua mtego kila jioni: kunguru mwenye kifua cheupe ni wa asili yetu, mfungulie aende.

Nampa muuzaji nyota 3 kati ya 5. Spika ningeinunua tena, ila sauti nitarekodi mwenyewe. Vifaranga walioanguliwa Julai ni 19, na leo asubuhi nimewahesabu, wote wapo.