Playground na Create Block Theme: kama unataka kujitengenezea thimu ya blogu yako, anzia hapa

Wadau, kama umechoka blogu yako ya WordPress kufanana na ya kila mtu na CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti) hujui hata mstari mmoja, kuna vitu viwili vya bure naomba uvijaribu kabla hujatoa hela yako popote: WordPress Playground na plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) inaitwa Create Block Theme. Vyote ni vya mradi wenyewe wa WordPress.

Playground kwanza. Unafungua playground.wordpress.net kwenye brauza, inalodi kidogo, halafu basi, WordPress nzima iko mbele yako. Hununui hosting, hufungui akaunti, huhangaiki na XAMPP, ile programu ya kuigeuza kompyuta yako kuwa serva. Wamechukua PHP, lugha inayoendesha WordPress, wakaigeuza iwe WebAssembly, yaani msimbo ambao brauza inaweza kuuendesha yenyewe, kwa hiyo inakimbia humo humo ndani ya brauza yako, na databesi ni SQLite, inayokaa kwenye faili moja tu, badala ya MySQL inayohitaji serva. Kwa anayeanza hili ni jambo kubwa sana jamani, maana kinachowakatisha watu tamaa mara nyingi ni kuhangaika na serva kabla hata hawajagusa rangi ya kwanza. Ukiharibu unafungua nyingine. Ila shika hili, kazi yako pale ni ya muda, ukirifreshi ukurasa kabla hujaisevu au kuishusha imeenda hiyo.

Sasa hiyo plagini ndio mwalimu mwenyewe. Zamani thimu ilikuwa ni rundo la mafaili ya PHP, kama hujui PHP unaishia kubadilisha logo tu. Toleo la 5.9 la Januari 2022 ndio lilileta uhariri wa tovuti nzima kwa bloku (vipande kama aya, picha au menyu): templeti, yaani mpangilio wa kila aina ya ukurasa, ni HTML, na rangi, fonti, upana na nafasi vinakaa kwenye faili moja, theme.json. Vyote unavibadilisha kwa kubofya. Lakini unavyobofya hivyo mabadiliko yanaingia kwenye databesi, mafaili ya thimu yanabaki vile vile, na ndio maana watu wanahariri faili halafu hawaoni kitu, kumbe cha kwenye databesi ndio kinashinda. Create Block Theme inakuwekea alama ya spana kwenye edita, ukiibofya unaweza kuyaandika mabadiliko yako kwenye faili zenyewe, kuona theme.json ilivyo sasa hivi, na mwisho kushusha thimu yote kama zipu.

Hapo kwenye kuiona theme.json ndipo nilipoipendea. Unabadilisha rangi ya viungo, unasevu, unaiandika kwenye faili kwa ile spana, unafungua faili unaikuta rangi yako imeandikwa pale. Unabadilisha upana wa maandishi, unakuta contentSize imebadilika. Yaani unajifunza msimbo kwa kusoma kitu ulichokifanya wewe mwenyewe dakika hiyo hiyo, na mimi naona hii inaingia kichwani haraka kuliko kukaa masaa unaangalia video ya mtu anatengeneza tovuti ya duka la viatu ambalo halikuhusu.

Ushauri wa kuanzia: chukua Twenty Twenty-Five, tengeneza nakala yake kwa plagini hiyo hiyo, ipe jina lako, ndio uanze kuichezea. Usiandike juu ya ile ya asili maana ikija apdeti inafuta kazi yako yote.

Halafu tafadhali mfikirie msomaji wako. Wengi wanakusoma kwenye simu na bando la kupima. Toka toleo la 6.5 la mwaka 2024 kuna maktaba ya fonti, unaweka fonti ya Google kwa kubofya tu, ila ubaya wake ni kwamba mtu anajaza uzito wote (unene wa herufi) wa fonti moja wakati anatumia wa kawaida na wa bold basi. Weka hizo mbili. Maandishi ya kijivu kwenye nyeupe pia yaache, kiwango kinachokubalika kimataifa kwa maandishi ya kawaida ni utofauti wa mwanga wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na rangi ya nyuma yake, na kwenye jua la saa saba mchana mtu akiwa kituoni anasubiri daladala utaelewa kwa nini. Bonyeza F12 kwenye brauza ya kompyuta, chagua muonekano wa simu, uangalie kila unapobadilisha kitu.

Na zile thimu za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, achana nazo kabisa. Nyingi zimepachikwa msimbo wa kuingilia tovuti yako kwa mlango wa nyuma, na apdeti hupati. Thimu yako ndogo uliyoijenga mwenyewe, unayojua kila faili lake linafanya nini, ni salama kuliko hiyo.

Mapungufu yapo. Edita kwenye simu inabana sana, unahitaji kompyuta hata ya kuazima. Masomo ya bure yapo learn.wordpress.org na ni mazuri kweli ila Kiingereza kimetawala, inaniuma, kwa sababu kuna vijana wana jicho zuri la ubunifu wanakwama kwenye lugha tu. Na ukitaka vitu vikubwa kama bloku yako mwenyewe hapo itabidi ujifunze lugha ya msimbo ya JavaScript, plagini hii haikufikishi.

Ukimaliza, zipu yako unaipandisha kwenye blogu yako halisi kupitia Muonekano, Thimu, Ongeza mpya. Ukikwama kwenye theme.json angalia koma kwanza, moja tu ikizidi faili lote halisomeki.