Bomba la majitaka: kutindua ukuta au kujenga boksi?

Bomba la sinki la kunawia ni jembamba, milimita 32 au 40. Fundi hutindua mfereji wa wima ukutani, akalizika, akapiga plasta, vigae vikapita juu. Chumba hakipungui hata kidogo.

Bomba la choo ni habari nyingine: milimita 110. Ukilizamisha kwenye ukuta wa tofali wa milimita 150, unabakiza ngozi tu. Kama ukuta huo unabeba paa, usithubutu.

Hapo ndipo boksi linaposhinda: bomba linabaki nje ya ukuta, nawe unalifunika. Fremu ya mbao, ubao unaostahimili unyevu, kisha vigae. Linakula nafasi, ni kweli, ingawa juu yake utapata rafu ya sabuni. Ila liwekewe kilango mbele ya kizibo cha kuzibulia kilicho kwenye bomba. Bomba likiziba, unafungua na kuzibua. Aliyetindua atavunja vigae, na baada ya miaka 5 vya kufanana navyo atavitoa wapi?

Mimi ningezika la sinki na kuboksi la choo. Kabla ya kufunika lolote, pima mteremko wa sehemu ya bomba inayolala, sentimita 2 hivi kwa kila mita, kisha mwaga maji uangalie maungio.