Supachaja ya Toyota SC12: nguvu ndiyo, kubana mafuta hapana

Supachaja ni pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Ukiichukua SC12 ya injini ya 4A-GZE, ile ya Toyota MR2 ya 1986, ukaifunga kwenye 4A-GE ya kawaida, yaani injini ya aina hiyo isiyo na supachaja, usitegemee kupunguza safari za sheli. Inazungushwa na mkanda kutoka krenki, kwa hiyo hula nguvu ya injini hata pale usipoihitaji. Toyota wenyewe walilijua hilo: waliiwekea klachi ya sumaku-umeme inayoiachia ukitembea taratibu. Vifurushi vingi vya dukani havina klachi, vina vali ya kurudisha hewa tu. Afadhali kuliko kukosa, lakini mkanda bado unazunguka.

Halafu kuna mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla haujawaka. 4A-GE ya mwanzo ni 9.4:1; GZE ya kwanza ilishushwa hadi 8.0:1 ili isigonge, yaani mchanganyiko usilipuke ovyo. Ukishusha, injini inachoma mafuta kwa ufanisi mdogo kila dakika, hata kwenye foleni. Ukiacha 9.4, weka presha ndogo ya supachaja, petroli ya oktani 95 au zaidi na plagi baridi kwa hatua moja (inayopoteza joto haraka kidogo kuliko ya kawaida).

Kosa la kawaida la mafundi ni kubakiza nozeli (vipulizia petroli) za zamani. Presha ikipanda mchanganyiko unakosa petroli, pistoni inatoboka. Pia SC12 ina oili yake na kijiti chake cha kupimia. Wengi hawakigusi hadi beringi zianze kulia.

Supachaja hubana mafuta pale tu injini ndogo inapochukua nafasi ya kubwa. Kwa mbio, nyota nne. Kwa mafuta, moja.