Diski ya TB 1 inayosoma GB 931: uzoefu wangu

Nina miezi saba na diski hii ya nje, terabaiti 1, ya USB 3.0. Niliinunua kwenye duka moja hapa Kampala, si mbali na Old Taxi Park. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe), kwa hiyo nafasi kwangu ni pesa.

Kesho yake tu nilirudi dukani nimekunja uso. Laptopu yangu ya Windows ilikuwa imeandika 931 GB, na sanduku linasema 1 TB. Gigabaiti 69 zimekwenda wapi? Hizo ni zaidi ya kadi nzima ya kamera yangu. Kijana wa duka, mtu wa Arua kama mimi, hakubishana. "Kaka, hakuna kilichoibwa," akasema. Akachukua diski nyingine mpya, akachana plastiki mbele yangu, akaichomeka. 931. Niliondoka, lakini moyo haukutulia. Mbili zikipungua sawasawa, si ndiyo shaka inazidi?

Shaka iliniisha Ntinda, kwa mhariri ninayeshirikiana naye, ambaye anatumia Mac. Diski ile ile, kebo ile ile, ikasoma 1 TB. Usiku huo nikafungua sifa za diski kwenye laptopu yangu, na kumbe jibu lilikuwa hapo siku zote, namba mbili kwenye mstari mmoja: baiti 1,000,202,039,296, na pembeni yake 931 GB.

Kiwanda kinahesabu kwa elfu. Terabaiti 1 kwao ni baiti trilioni 1, na maandishi madogo chini ya sanduku yanasema hivyo hivyo. Windows inahesabu kwa 1,024, yaani mbili ikizidishwa kwa mbili hadi zitimie mbili kumi. Gawa trilioni 1 kwa 1,024 mara tatu, yaani kutoka baiti hadi kilobaiti, kisha megabaiti, kisha gigabaiti, unapata 931. Ni kama kadi ya harusi iliyoandikwa 8:00, halafu shangazi wa bibi harusi anakupigia simu uje saa mbili asubuhi. Mtakutana mlangoni.

Mac ilihamia hesabu ya elfu mwaka 2009. Kipimo cha 1,024 kina jina lake rasmi tangu 1998, gibibaiti, lakini Windows bado inaandika GB, na lawama yangu iko hapo, si kwa kijana wa duka. Huko Marekani wanunuzi waliishtaki Western Digital, kampuni inayotengeneza diski, kwa jambo hili hili, na kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 2006.

Nilipiga hesabu nyingine iliyonifurahisha zaidi. Kadi zangu za GB 64 nazo zinasoma 59 na kitu, kwa sababu hiyo hiyo. Nilinunua diski nikitegemea iingie kadi 15 zilizojaa, na 15 zinaingia.

Kasi ni nzuri. Kadi iliyojaa, nikiwa nimeshainakili kwenye laptopu, inahamia kwenye diski kwa dakika kama kumi, mradi nichomeke kwenye tundu la USB 3.0, lile ambalo kwenye laptopu yangu lina rangi ya buluu ndani. Tundu la zamani linachukua karibu nusu saa. Kebo ni fupi mno, hilo silipendi.

Anayenunua flashi za bei ya kutupa mitaani awe macho, kwa maana huko wizi upo kweli. Flashi bandia inaweza kusoma terabaiti nzima huku ndani ina GB 32, na ikijaa inaandika faili mpya juu ya zile za zamani. Kuangalia namba hakutoshi. Ijaze yote, kisha usome tena ulichoweka. Programu ya bure ya H2testw inafanya kazi hiyo. Diski yangu niliijaribu hivyo kabla sijaweka harusi ya mtu hata moja, ikapita bila kosa. Sasa ina kadi 13 ndani, na imebaki GB 160 hivi.