"Mwambie mama akakae kivulini": uzoefu wangu na gereji moja Masasi

Gereji siitaji jina, maana Masasi tunajuana na fundi mwenyewe anasali msikiti mmoja na mume wangu. Lakini nilikasirika, na nikikumbuka nakasirika upya.

Trekta langu ni mtumba wa Uingereza. Lilipofika tukaona waya unaning'inia ubavuni mwa injini, una plagi nene ya miguu mitatu, ile ile inayoingia kwenye soketi zetu za ukutani. Dereva akasema ni chaja ya betri. Nikampigia aliyetuuzia, akacheka, akasema ni hita ya maji ya injini. Injini ya dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda, na kwenye baridi kali chuma kinalinyonya joto hilo lote. Kwa hiyo mkulima wa kule anachomeka waya saa chache kabla, maji ya kwenye bloku, lile pande kubwa la chuma la injini, yanapata uvuguvugu, trekta linawaka bila kusumbua. Kifaa kizuri, sikatai. Wenzetu wa Makete wanaoamka wakakuta barafu kwenye majani wangekipenda. Huku kwetu kipupwe kikizidi sana unajitanda kanga ya pili, basi.

Shida ni pale kilipokaa. Hita imeingizwa kwenye tundu la bloku, mahali pa kile kizibo cha bati, na kinachozuia maji yasitoke ni mpira wa duara. Mpira wa kwangu ulishazeeka, mgumu kama ganda la korosho. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wamepanga foleni kulimiwa, trekta linachemsha. Tunajaza maji, linalima ekari moja, linachemsha tena.

Fundi alilikagua asubuhi, injini ya baridi, akapitisha mkono, pakavu. Akasema pampu ya maji. Nikamwambia, "Fundi, mimi nimeona tone pale penye waya, ila mpaka lipate moto. Liwashe kwanza." Hakunitazama. Alimgeukia dereva wangu, kijana ninayemlipa mshahara mimi, akasema: "Mwambie mama akakae kivulini."

Kivulini! Korosho za misimu mitatu zimeingia kwenye trekta hilo, halafu mimi ndiye wa kupelekwa chini ya mwembe kama mgeni wa harusi. Na nilikwenda, ndicho kinachoniuma. Nikakaa. Nikalipia pampu.

Siku ya pili, au ya tatu, likachemsha. Safari hii fundi akasema ni mfuniko wa rejeta, kisha bomba la mpira la juu ya rejeta. Aliyeona ni kijana anayejifunza pale, wa kushika spana. Aliliacha liungurume hadi likapata moto, presha ikapanda, akafuta pale penye hita kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikatoka kimelowa. Fundi akasema, "Ndicho nilichokuwa nahisi." Mimi nilikaa kimya, na siyo kawaida yangu.

Sasa lazima niseme kweli. Kazi ya kung'oa hita ile aliifanya vizuri mno. Alilisugua tundu mpaka likang'aa, kizibo kipya akakigonga taratibu kikaingia sawasawa, akajaza kulanti badala ya maji ya bomba, akakaa na trekta likiunguruma karibu saa nzima. Tangu hapo sijaongeza hata kikombe. Hela ya kizibo hakutaka. Ya pampu hakurudisha. Mwanzo hapa niliandika "msiende", nikafuta, nikakumbuka mwembe, nikaandika tena, sasa nimefuta. Mikono yake ni mizuri. Masikio ndiyo hana.

Nawe ukinunua mtumba wenye waya wa hivyo, usiuchomeke kujaribu, hasa rejeta ikiwa tupu, maana hita bila maji inaungua yenyewe. Na usidanganyike kwamba ukikata waya umemaliza. Mpira unabaki pale pale ukizeeka.

Oili inakaribia kubadilishwa. Dereva ananiuliza tumpelekee yule yule? Nimemwambia ampelekee, ila na mimi naenda na kiti changu, nakaa pale pale juani, ubavuni mwa injini.