Kitabu cha mapishi cha michoro mitupu: miezi minane jikoni kwangu Mwanjelwa

Mama yangu, mzaliwa wa Tukuyu, alinifundisha kwamba maharage yakitiwa chumvi kabla ya kuiva hayaivi tena. Yatabaki magumu mpaka kuni ziishe. Nimepika hivyo tangu nikiwa msichana, na kwa miaka sita nimepika hivyo katika mgahawa wangu mdogo hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambako mteja anayajua maharage kuliko anavyomjua mpishi. Kilichoniachisha ni mchoro.

Mchoro huo umo katika Salt, Fat, Acid, Heat cha Samin Nosrat, kilichotoka Marekani mwaka 2017. Jina lake ndilo somo lenyewe: chumvi, mafuta, uchachu na moto. Mwandishi anasema ukivielewa hivyo vinne utapika chochote kilichopo, hata bila kufuata mapishi ya mtu. Kina kurasa zaidi ya 400, na sahani hata moja haikupigwa picha ya kamera. Kila kitu kimechorwa na Wendy MacNaughton, kwa mistari ya wino na rangi za maji.

Nilikipata kwa shilingi 95,000 kupitia mdogo wangu aliyeko Dar, kikapandishwa basi kama kifurushi. Kilifika kona moja imelowa na kurasa za mwanzo zimejikunja. Niliwalalamikia wenye basi mara mbili, sikujibiwa. Wewe ukiagiza, mwambie anayekutumia akizungushie nailoni tabaka mbili ndipo akitie kwenye boksi.

Kiingereza changu si kikubwa. Nasoma kwa msaada wa mtoto wa kaka yangu, kijana anayechora mabango ya maduka hapa mjini. Jioni tukishaosha vyombo anakaa na kitabu, mimi nachambua mchele, ananisomea. Lakini kurasa nyingi nilizielewa kabla hajafungua mdomo, na hapo ndipo kitabu hiki kinapovishinda vingine vyote nilivyowahi kushika.

Chukua huo mchoro wa chumvi. Umepangwa kama kalenda: kitu gani kitiwe chumvi siku kadhaa kabla ya kupikwa, kipi siku moja kabla, kipi dakika chache tu. Nilipomuuliza kijana kuhusu maharage, akatafuta kwenye maelezo, akasema, "Shangazi, huyu anasema uyatie chumvi tangu unapoyaloweka." Nilikataa. Kesho yake, kwa kuwa sikupata usingizi mzuri kwa jambo hilo, nikaloweka kilo moja ya maharage ya njano: nusu kwenye maji yenye chumvi, nusu kwenye maji matupu. Nikayainjika asubuhi kwenye majiko mawili ya mkaa yaliyo sawa.

Ya chumvi yalitangulia kuiva. Tena hayakupasuka, punje ilikuwa nzima, laini, na utamu umeingia mpaka ndani badala ya kuelea kwenye mchuzi. Sababu ipo: ganda la harage linakazwa na kalsiamu na magnesiamu, na sodiamu ya chumvi huziondoa na kukaa mahali pake, ganda likalegea. Kinachoyakaidisha maharage ni uchachu. Ukimwaga nyanya au ukikamulia ndimu yakiwa bado yana kiini kigumu, utakesha. Magadi hufanya kinyume cha uchachu, ndiyo maana bibi zetu waliyatumia. Basi siku hizi nyanya na kitunguu navikaanga pembeni, navichanganya maharage yakishaiva kabisa. Mama alipokuja kunitembelea alikula bakuli mbili, akaniuliza chumvi nimetia saa ngapi. Nikamwambia jana jioni. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba nimfungie na mengine ya kuondoka nayo.

Jambo moja kitabu hakikunisaidia, nalo ni muda. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, hayafiki 100. Mwandishi alijifunzia kazi katika mgahawa wa Chez Panisse huko Berkeley, karibu na bahari. Kwa hiyo chochote cha kuchemsha ninakiongezea muda, na sitazami saa; nabonyeza punje kwa vidole.

Kuku wake wa maziwa ndiye aliyenigharimu. Unamlaza kuku mzima kwenye maziwa machachu yenye chumvi usiku kucha, kisha unamwoka. Kwetu mtindi unapatikana kila duka, kwa hiyo hapo sikuwa na shida. Shida ilikuwa chumvi. Kipimo nilichofuata ni cha chumvi nyepesi ya chembe kubwa wanayoitumia kule. Chumvi yetu laini hubanana kwenye kijiko, ikaingia nyingi mno. Kitabu chenyewe kimeonya kwamba chumvi hazilingani, ila sisi tuliruka ukurasa huo. Kuku wa kwanza hakulika, na kuku wa kienyeji bei yake mnaijua. Wa pili nikatia nusu ya kipimo, akatoka vizuri ajabu: nyama imelainika hadi kwenye mfupa, ngozi imepata rangi ya asali. Oveni sina. Nilimweka kwenye sufuria nzito, moto kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko, kama tunavyopalia wali. Kitabu kinaagiza nyuzi 425 za Farenhaiti, sawa na 220 hivi za Selsiasi, na hizo nyuzi za kwao ni usumbufu kwa msomaji wa huku. Lakini sura ya moto inaeleza jambo ambalo mtu wa jiko la mkaa analielewa upesi: kuna chakula cha moto mpole na chakula cha moto mkali, na kazi ya mpishi ni kujua lini ahame kutoka huu kwenda ule.

Ukurasa nilioupenda kuliko yote ni wa wali wa Kiirani, kwa kuwa wazazi wa mwandishi walitoka Iran. Wali huo sifa yake ni ukoko. Sisi ukoko tunakwangua na kuwapa watoto waliokaa karibu na jiko. Wao, huo ukoko ndio wanaompa mgeni wa heshima. Mchele unachemshwa nusu kuiva kwenye maji ya chumvi nyingi, unachujwa, sehemu yake inachanganywa na mtindi na kulazwa chini ndani ya kikaango chenye mafuta, wali uliobaki unarundikwa juu. Nilijaribu kwa mchele wa Kyela, nikihofia utashikana. Ulikubali. Ukoko ulitoka mzima kama sahani, rangi ya dhahabu, na harufu ya mchele wa Kyela mnaijua. Sasa naupika kila Ijumaa, na wapo wateja wanaouagiza tangu Jumatano.

Parachichi limechorewa ukurasa wake peke yake: uchanganye na nini, umwagie uchachu gani. Kwa mtu anayeishi jirani na Rungwe, ambako msimu ukifika maparachichi yanajaa barabarani, ukurasa huo unalipa sehemu nzuri ya bei. Bitiruti na chungwa ndio mchanganyiko uliotukaa.

Nimewahi kuwa na vitabu vya mapishi vya picha za kung'aa. Picha ya kamera inakuonyesha sahani moja iliyokwisha kupambwa, na yako isipofanana unajiona umekosea. Mwandishi anasema ndiyo sababu hakutaka picha: hakutaka msomaji afungwe na sura moja ya chakula. Mchoro unakuachia nafasi. Kuku aliyechorwa kwa mistari michache anaweza kuwa kuku wangu, kwenye sufuria yangu iliyobonyea. Na mchoro unaweza kuonyesha visivyopigika picha, kama chumvi inavyosafiri ndani ya nyama.

Kijana wangu yeye kilimshika kwa upande mwingine. Alimfuatilia mchoraji, akagundua kwamba mwaka 2014 alitoa kitabu cha jiji lake la San Francisco, Meanwhile in San Francisco, ambamo alikaa na watu wa kawaida, madereva wa mabasi miongoni mwao, akawachora na kuandika maneno yao wenyewe pembeni. Hicho bado hatujakipata, tumeagiza. Lakini wazo tu lilimtosha. Amenunua daftari lisilo na mistari na kila Jumamosi anashuka sokoni kuchora wauza viazi, wabeba mizigo, na mama anayepanga ndizi mafungu mafungu. Anawauliza jambo moja, anaandika walivyojibu.

Mapungufu mengine niyataje. Mapishi ni ya kwao, Marekani, Italia, Meksiko na kwingineko, kwa hiyo usitarajie kande wala kiburu. Vipimo ni vya vikombe. Bei ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, na sisi tulichanga watu wawili. Natamani kingekuwa cha Kiswahili, natamani sana, maana nawajua wanawake kumi hapa sokoni ambao michoro hii ingewabadilishia biashara.

Kwa hao kumi tumeanza na ukuta. Kijana amechora kalenda ya chumvi kwa rangi ya bango, upande wa jikoni, ila kwa vyakula vyetu: maharage ya njano na yale ya kablanketi, kuku wa kienyeji, samaki wa Ziwa Nyasa, viazi. Majani ya maboga bado nafasi yake iko wazi, kwa sababu mimi na mama hatujakubaliana.